Kurekodi sauti ya kichwa cha mvuke kwenye safari ya reli kuu

Kichwa cha mvuke kinapoteremka mlima, dereva hufunga mvuke, na unachosikia ni vyuma vikigongana na mabehewa yakinguruma nyuma. Kichwa hichohicho kikipanda upande wa pili na mabehewa 12 mgongoni, utakisikia muda mrefu kabla hakijatokeza. Kinachorekodiwa hasa ni ile kazi ya kuvuta. Kwa hiyo anza kwa kutafuta mahali ambapo kichwa kitalemewa, kitakwenda polepole, na pembezoni pana utulivu. Maikrofoni ni swali la mwisho, ingawa ndilo ambalo watu hupenda kuanza nalo.

Reli kuu ina ugumu wake. Kwenye reli fupi za makumbusho garimoshi hupita mara nne au tano kwa siku, na ukikosea asubuhi utarekebisha mchana. Safari maalumu ya reli kuu hupita mara moja, katikati ya treni za kawaida, na ikichelewa hakuna atakayekuarifu. Kila jambo lililo hapa chini limejengwa juu ya ukweli huo: una dakika 5, basi.

Mapigo hutoka wapi

Kila pistoni inapomaliza mwendo wake, mvuke uliokwisha kazi hutoka kwa mshindo kupitia dohani. Ndilo pigo tunalolifuata. Silinda hupokea mvuke mbele na nyuma ya pistoni, kwa hiyo kichwa chenye silinda 2 hutoa mapigo 4 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Chenye silinda 3, kama Flying Scotsman, hutoa 6. Chenye silinda 4 kwa kawaida hurudi kwenye 4, kwa sababu silinda hufanya kazi mbili mbili na mapigo huangukiana. Vichwa vya aina ya Lord Nelson vya Uingereza vilipangwa kwa pembe tofauti ili vitoe mapigo 8, na kimoja chao, namba 850, kipo hadi leo. Ukikisikia ukiwa hukijui utadhani kinakwenda mara mbili ya mwendo wake.

Vichwa vyenye injini mbili chini ya tangi moja la mvuke, mfano Big Boy namba 4014 wa Marekani, au zile Garratt, vina jambo lao la pekee. Magurudumu ya injini ya mbele na ya nyuma hayajaunganishwa kwa fimbo za chuma, kwa hiyo mapigo ya injini hizo huachana polepole, yakapishana, kisha yakarudi kuangukiana na sauti ikawa nzito ghafla. Mzunguko huo unaweza kuchukua muda mrefu, hivyo kipande cha sekunde 20 hakitauonyesha. Hapo unahitaji mlima mrefu na mahali panaposikika mbali.

Sasa fanya hesabu kabla ya kutoka nyumbani. Tuseme gurudumu la kuvuta lina kipenyo cha mita 1.83, yaani mzingo wa mita 5.75. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kichwa cha silinda 2 hutoa karibu mapigo 4 kwa sekunde, na sikio huyahesabu bila shida. Kwa kilomita 40 ni karibu 8: bado unasikia kila moja, na hapa ndipo sauti inapokuwa na nguvu na haraka kwa pamoja. Kwa kilomita 100 ni zaidi ya 19 kwa sekunde, mapigo yameungana kuwa mvumo mmoja. Mvumo huo una uzuri wake, lakini usitegemee kusikia ndani yake silinda zikijibizana. Anayetaka mapigo yaliyo wazi atafute mahali ambapo mwendo ni kati ya kilomita 15 na 45.

Kuchagua mahali

Mwinuko ndio jibu la kwanza. Kwenye ramani za reli mwinuko huandikwa kama 1 kwa 75, maana yake reli inapanda mita 1 kwa kila mita 75. Kwa kichwa kilichobeba mzigo kamili, 1 kwa 100 inayoendelea kilomita kadhaa inatosha kabisa. Nchini Uingereza, ambako safari hizi ni nyingi, watu huenda Shap, 1 kwa 75 kwa kilomita 6 hivi kutoka Tebay. Lickey, ambako ni 1 kwa 37.7 kwa kilomita 3. Na mpando mrefu wa reli ya Settle hadi Carlisle unaofikia Ais Gill kwenye kimo cha mita 356. Ukubwa wa mwinuko peke yake usikudanganye. Shap iko kwenye reli kuu yenye umeme na treni nyingi, na barabara kuu ya magari inaandamana nayo. Settle–Carlisle haina nyaya za umeme, treni ni chache, na mabonde yake ni mapana. Mrekodi atachagua hiyo ya pili hata kama mlima wake si mkali hivyo.

Usisimame chini ya mlima. Garimoshi hufika hapo na kasi liliyotoka nayo bondeni, na mapigo bado yameungana. Usisimame kileleni pia, kwa sababu madereva huanza kupunguza mvuke wanapoona kazi imekwisha. Mahali pazuri ni theluthi ya mwisho ya mpando, kilomita 1 au 2 kabla ya kilele. Hapo mwendo umeshashuka hadi pale ambapo kichwa na mzigo wamepatana, na mlio haubadiliki kwa dakika kadhaa.

Nafasi nyingine nzuri ni pale garimoshi linapoondoka baada ya kusimama kuchukua maji. Kuondoka kuna kila kitu: vali za kutoa maji kwenye silinda zikifoka, pigo la kwanza zito, la pili, pengine magurudumu kuteleza. Reli ikiwa na unyevu, au majani yameanguka juu yake, kuteleza kunawezekana zaidi, na ndiyo sauti ambayo haiwezi kupangwa: mapigo yanageuka ghafla kuwa mfululizo wa bunduki, dereva anafunga, kimya kidogo, kisha anaanza upya.

Ukishapata kilomita unayoitaka, tembea pale siku moja kabla, saa ileile, ukae kimya dakika 10 ukiwa umefumba macho. Sikiliza mambo haya. Barabara: iwe mbali zaidi ya kilomita 1, au nyuma ya kilima. Mto na miti: maji yanayotiririka na majani yanayopeperuka yana sauti ya jamii moja na mvuke unaofoka, na hakuna programu itakayozitenganisha baadaye. Mifugo, pampu za shambani, njia ya ndege. Kondoo mmoja ni pambo. Kundi lililotengwa na watoto wake ni msiba wa kurekodi.

Upepo uvume kutoka upande garimoshi linakotokea kuja kwako. Sauti inayosafiri na upepo hupindishwa kuelekea ardhini na kufika mbali. Inayopingana na upepo hupindishwa juu, na wewe hubaki katika kivuli cha sauti hata kama garimoshi liko mita 800 tu. Tofauti ni kubwa kuliko ya maikrofoni yoyote utakayonunua. Asubuhi na mapema au jioni yenye utulivu, hewa ya baridi ikiwa imelala chini na ya joto juu yake, sauti hupindishwa vilevile kuja chini, na utasikia filimbi kutoka bonde la pili.

Umbo la ardhi huamua mwangwi. Bonde lenye msitu upande wa pili hurudisha mapigo kwa upole. Ukuta wa mawe au jabali huyarudisha makali, kama mapigo ya ziada yasiyo na mpangilio. Reli ikipita ndani ya mtaro wenye kingo ndefu, sauti hufungwa mpaka kichwa kitokeze, kisha hulipuka. Inafurahisha mara moja, lakini unapoteza ule ujio wa mbali ambao ndio nusu ya rekodi. Reli iliyo juu ya tuta, nawe ukiwa chini pembeni, itakupa magurudumu na vyuma vingi kuliko dohani. Jitahidi maikrofoni ziwe kwenye usawa wa reli au juu yake kidogo.

Umbali kutoka reli: mita 20 hadi 40. Chini ya mita 10 garimoshi huwa kishindo kimoja kinachopita, na magurudumu ya mabehewa hushinda kila kitu. Mita 150 na zaidi ni rekodi ya mandhari, yenye kichwa ndani yake, na wengi hatimaye huipenda kuliko zile za karibu.

Kuna adui mmoja ambaye wageni hawamjui. Kwenye safari nyingi huwa kumefungwa kichwa cha dizeli mkiani, kwa ajili ya dharura au kusaidia kusukuma. Kikiwa kinafanya kazi, mngurumo wake utafunika mwisho wa rekodi yako. Huwezi kuuondoa baadaye. Ukijua kuwa kipo, chagua mahali ambapo reli inajikunja na kuzama kwenye mtaro muda mfupi baada ya kukupita, ili mkia ufichwe mapema.

Mipaka ya usalama

Usiingie kwenye eneo la reli, hata kwa hatua mbili, hata kama wengine wameingia. Uingereza na nchi nyingine ni kosa la jinai, na mtu akionekana kandokando ya reli garimoshi lenyewe linaweza kusimamishwa, ukaharibu siku ya kila mtu. Simama nyuma ya uzio, na shamba likiwa la mtu omba ruhusa mapema. Mwenye shamba anaweza pia kukuambia saa anayowasha pampu.

Kwenye reli yenye nyaya za juu, usiinue mti wa maikrofoni, stendi ndefu wala mwavuli karibu na reli au juu ya daraja. Nyaya hizo nyingi zina volti 25,000, na umeme wa kiasi hicho huweza kuruka bila kuguswa. Stendi isiyozidi mita 2, nyuma ya uzio, inatosha kila mahali. Filimbi ya karibu nayo huumiza masikio: ukisimama kwenye jukwaa la stesheni, usikae na hedifoni zilizoongezwa sauti kichwa kinapoondoka.

Vifaa

Maikrofoni mbili za pande zote, yaani zinazopokea sauti kutoka kila upande, zilizotenganishwa sentimita 40 hadi 60, ndizo tunazopendekeza kwa anayeanza. Hupokea sauti nzito za dohani vizuri, na upepo hauzisumbui kama unavyosumbua zile za upande mmoja. Zikiwa na ubao wa duara uliofunikwa sponji katikati yake, utasikia kwa uwazi zaidi garimoshi likivuka kutoka kushoto hadi kulia. Mpangilio wa ORTF, maikrofoni mbili za upande mmoja zenye sentimita 17 kati yake na pembe ya digrii 110, huonyesha mwendo wa kuvuka kwa usahihi mkubwa, lakini hudai kinga nzuri ya upepo. Maikrofoni za XY, yaani mbili zilizopishana mahali pamoja, zilizomo juu ya rekoda ndogo za mkononi hufanya kazi. Kasoro yake ni kwamba picha ya sauti huwa nyembamba, na kila unapogusa rekoda mguso huingia.

Soma namba mbili kwenye karatasi ya maikrofoni. Ya kwanza ni kelele yake yenyewe: chini ya desibeli 15 ni nzuri, ikipita 20 utasikia mvumo mwembamba wakati garimoshi lingali mbali, na mvumo huo utafanana na mvuke ambao haupo. Ya pili ni sauti kubwa kabisa inayoweza kuhimili: tafuta 130 au zaidi, kwa ajili ya filimbi.

Kinga ya upepo si jambo la hiari. Sponji peke yake ni ya ndani ya nyumba. Nje unahitaji manyoya marefu juu ya sponji, na vizuri zaidi ni kapu lenye manyoya ambamo maikrofoni inaning'inia kwenye raba. Weka stendi chini, sentimita 60 hadi 100 kutoka ardhini, nyuma ya kichaka kisicho na majani makavu. Karibu na ardhi upepo ni mdogo. Ninginiza mfuko wa mchanga kwenye stendi, na funga waya kwa utepe ili usipigepige mguu wa stendi.

Waya za mita 10 hadi 20 ni msaada usiosifiwa vya kutosha, maana zinakuwezesha kukaa mbali na maikrofoni zako. Unapumua, unameza mate, koti linasuguana, na yote hayo huingia kwenye dakika zile mbili za utulivu kabla ya garimoshi. Vaa sufu au pamba. Nailoni iache nyumbani.

Betri mpya, nyingine mfukoni karibu na mwili, kwa sababu baridi huzimaliza. Kadi tupu. Kwa hezi 48,000, biti 24, stirio, saa moja huchukua takribani gigabaiti 1, kwa hiyo hakuna sababu ya kubana nafasi. Usirekodi kwa MP3. Mvuke unaofoka ni sauti iliyotawanyika kila mahali, na ndiyo ambayo mbano wa MP3 huikata vibaya kuliko zote. Matokeo yake husikika kama maji yanayozungushwa ndani ya chupa. Ukipenda kuja kuipunguza mwendo sauti baadaye, rekodi kwa hezi 96,000.

Kupanga kiwango

Hapa ndipo rekodi nyingi hufia. Garimoshi likitoka mita 400 hadi mita 20 kutoka kwako, sauti hupanda kwa desibeli 26 kwa umbali tu, kabla hujaongeza filimbi. Ukipanga kiwango kwa kusikiliza ujio wa mbali, utapasua sauti pale inapofika.

Zima marekebisho ya kiwango ya kiotomatiki. Yakiwashwa, rekoda huinua ndege wa shambani hadi wawe wakubwa kama kasuku, kisha garimoshi likifika hubana, na likipita unasikia ulimwengu ukipanda polepole kama maji kwenye ndoo. Hakuna dawa ya rekodi kama hiyo.

Utapataje kiwango na kichwa hakijafika? Tumia treni ya kawaida inayopita kabla. Ikipita mahali ulipo, kwa umbali uleule, panga ili kilele chake kifike karibu desibeli -20 kwenye kipimo cha rekoda. Hiyo inaacha nafasi ya mapigo makubwa na filimbi. Kama hakuna treni, panga chini kuliko unavyodhani. Ukiwa na biti 24, kuinua desibeli 15 baadaye hakukugharimu kitu, bali sauti iliyopasuka haishonwi. Rekoda nyingi zina njia ya pili ya usalama inayorekodi nakala iliyo chini kwa desibeli 12 au zaidi, iwashe. Limita, kile kizuizi cha sauti inayozidi, iwe kama mkanda wa gari: iwepo, lakini isiguswe.

Rekoda za biti 32 zenye desimali zimeondoa sehemu kubwa ya hofu hii, na kwa safari inayopita mara moja zina thamani. Lakini zinalinda rekoda peke yake. Maikrofoni ikizidiwa na filimbi, au utando wake ukipigwa na upepo, sauti iliyopasuka itahifadhiwa kwa uaminifu kamili katika biti zake 32.

Kata sauti za chini kwa kichujio? Mahali penyewe, usivuke hezi 40. Uzito wa dohani uko chini kuliko watu wanavyofikiri, na kichujio cha hezi 80 au 100, ambacho rekoda nyingine hukiweka zenyewe, hugeuza kichwa cha tani 100 kuwa mashine ya kushonea.

Siku yenyewe

Fika dakika 90 kabla. Sababu ya kwanza ni kupata nafasi mbali na wapiga picha. Wao husimama pale mwanga ulipo na wewe unataka pale ukimya ulipo, kwa hiyo mara nyingi hakuna ugomvi; tembea mita 200 zaidi kuelekea chini ya mlima na utakuwa peke yako. Wakikukuta, waeleze kwa upole kabla, si wakati garimoshi linasikika. Watu wengi hunyamaza wakiombwa vizuri. Wasichoweza kuzuia ni kusema "linakuja!", kwa hiyo maikrofoni zielekee mbali nao.

Simu iwe katika hali ya ndege, si kimya tu. Mawimbi yake huingia kwenye waya kama mdundo wa dik-dik-dik.

Anza kurekodi dakika 10 kabla ya muda uliopangwa na usisimamishe kwa sababu ya kuchelewa. Kama rekoda yako ina kumbukumbu ya awali, inayohifadhi sekunde chache kabla hujabonyeza kitufe, iwashe, lakini usiitegemee. Garimoshi la mbali husikika kwanza kama pumzi isiyo na uhakika. Ukishalitambua, sekunde 30 za mwanzo zimeshapita. Baada ya hapo usiguse kitu. Usirekebishe kiwango, usigeuze maikrofoni kulifuata. Garimoshi ndilo linalosogea; ukigeuza maikrofoni unaliondolea mwendo wake.

Mabehewa 12 ya mita 20 ni kama mita 240, na kwa kilomita 50 kwa saa yatachukua sekunde 17 kukupita. Wengi hubonyeza kitufe behewa la mwisho linapopita. Subiri. Kichwa bado kiko mbele, kinaendelea kupanda, na sasa unakisikia kwa nyuma, chenye sauti iliyoshuka. Kwa kilomita 100 kwa saa filimbi inayokuja na inayoondoka hutofautiana kwa karibu nusutoni 3, tofauti ambayo hata asiyejua muziki huisikia. Baki hadi mwangwi wa mwisho uzame, kisha ongeza dakika 2 za mahali penyewe bila garimoshi. Utazihitaji wakati wa kuhariri.

Ndipo useme, kwa sauti ya kawaida mbele ya maikrofoni: tarehe, mahali, namba ya kichwa, upande garimoshi linakoelekea, idadi ya mabehewa, mwinuko, upepo, maikrofoni na mpangilio wake. Karatasi hupotea. Sauti iliyo ndani ya faili haipotei.

Ukiwa ndani ya garimoshi

Behewa lililo nyuma ya kichwa mara nyingi ni la wahudumu wa mitambo, kwa hiyo la pili ndilo bora utakalopata. Usitoe mkono wala maikrofoni nje ya dirisha: nguzo na vichaka viko karibu kuliko vinavyoonekana, na upepo wa mwendo utaharibu rekodi hata hivyo. Fungua dirisha dogo la juu kiasi cha vidole vitatu, na weka maikrofoni ndani, sentimita 10 hadi 15 chini ya ufa, ikiwa na manyoya. Isiguse ukuta wa behewa. Mtetemo wa ukuta ni mkubwa kuliko sauti ya hewa, na mto uliokunjwa chini ya stendi fupi huukata vizuri. Kaa upande ambao njia inajikunjia, ili kwenye kona kichwa kikae wazi mbele yako.

Handaki ndilo zawadi ya aliyekaa ndani. Mapigo hurudishwa na kuta yakawa mazito mara mbili. Moshi nao huingia, kwa hiyo waulize wenzako kabla ya kuacha dirisha wazi.

Kituo cha maji

Dakika 20 hadi 40 za kusimama zina sauti nyingi ndogo ambazo kwenye mwendo hazisikiki, na kuzikusanya ni rahisi kuliko kila kitu kilichotajwa hapo juu. Pampu ya hewa ya breki hupiga dung-dung pembeni mwa tangi la mvuke, kwa mapumziko yasiyo sawa. Chombo cha kuingiza maji kwenye tangi la mvuke huanza kwa mluzi unaopanda kisha hutulia kuwa wimbo mmoja. Koleo hukwaruza makaa, mlango wa tanuri hufungwa. Hapa unaruhusiwa kukaribia, mita 2 hadi 5, mradi uko nyuma ya mstari wa jukwaa na umewaomba wahudumu ruhusa. Shusha kiwango.

Vali za usalama zikifunguka, weka maikrofoni chini na usubiri. Mfoko wake hufunika kila kitu, na baada ya sekunde 5 hauna jipya la kukuambia. Mchochea moto stadi atazizuia kufunguka kwa kuongeza maji. Ukimwona anageuza vali ya maji, jiandae, ule mluzi unaopanda unakuja.

Baada ya hapo

Nakili faili mahali pawili kabla ya kufuta kadi. Hariri nakala, asili usiiguse.

Jaribu moja ambalo karibu kila mtu hufanya, na ambalo huharibu karibu kila rekodi, ni kuondoa kelele kwa programu. Programu hiyo hujifunza sauti iliyotawanyika isiyo na umbo na kuipunguza. Mvuke ni sauti iliyotawanyika isiyo na umbo. Utabaki na mapigo makavu yanayotoka kwenye tundu tupu. Kama kuna ndege mmoja au mlango wa gari uliosikika, ufute peke yake kwenye picha ya masafa, ukiziba pengo kwa kipande cha zile dakika 2 za mwisho.

Kata chini ya hezi 30 ili kuondoa msukumo wa upepo. Usibane tofauti ya sauti kubwa na ndogo: ujio wa mbali uwe mdogo kweli, na atakayesikiliza aongeze sauti mwenyewe kisha ashituke. Inua kilele hadi desibeli -1. Mwanzo na mwisho ufifishe kwa sekunde 8 hadi 15, si 2.

Sikiliza mara moja kwa spika moja tu. Maikrofoni zilizotenganishwa mbali hula baadhi ya sauti nzito zinapochanganywa, na kichwa kikipoteza kifua chake kwenye simu ya mtu, toa pia nakala iliyotokana na maikrofoni moja tu kati ya zile mbili. Jina la faili liwe tarehe kwanza, kisha namba ya kichwa, kisha mahali, bila neno "mpya" wala "mwisho".